Kutoka Mwili hadi Kauli: Historia ya Viunganishi vya Dhana na Mifano katika Kiingereza

Sentensi mbili fupi za Kiingereza, "He spoke as a judge" na "He spoke like a judge", zinatofautiana kwa neno moja tu. Ya kwanza inamhusu mtu aliye hakimu, aliyezungumza kwa mamlaka ya kiti chake. Ya pili kwa kawaida inamhusu mtu asiye hakimu, ila sauti yake na namna yake ya kupima maneno vilimfananisha naye. Mfasiri mwenye haraka huziandika zote mbili "Alizungumza kama hakimu", na papo hapo mtu wa kawaida amepewa kiti cha mahakama. Kosa la namna hiyo halitokani na uhaba wa msamiati. Linatokana na kutotambua kazi ya vijineno vidogo, ambavyo ndivyo vinavyomjulisha msomaji kama anachoelezwa kipo, kinafanana na kilichopo, au kimedhaniwa tu. Mhadhara huu unafuatilia historia ya vijineno hivyo katika Kiingereza, kisha unaipima historia hiyo kwa mizani ya Kiswahili.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyotumika Uingereza hadi mnamo mwaka 1100, neno moja, "swelce", lilitenda kazi mbili ambazo leo zimegawanywa. Liliweza kutaja kitu cha aina fulani, na liliweza pia kuingiza kishazi kinacholinganisha jambo halisi na jambo la kudhania. Msikilizaji hakupotea, kwa sababu tofauti ilibebwa na kitenzi. Mlinganisho ulipokuwa wa kudhania, kitenzi kilichukua umbo maalumu lililoonyesha kwamba msemaji hathibitishi analolisema. Kiunganishi kilifungua mlango tu. Kitenzi ndicho kilichosema nini kimo ndani.

Asili ya neno "swelce" inastahili kuangaliwa. Limeundwa kwa "swa", maana yake "hivyo", na "lic", maana yake "mwili" au "umbo". Kutokana nalo limepatikana neno la leo "such". Mzizi huohuo wa mwili umo ndani ya "which" na "each", na umo waziwazi zaidi katika "like", ambalo asili yake ni "gelic", yaani "chenye umbo moja na kingine". Kwa hiyo wasemaji wa kale wa lugha hiyo walifikiri juu ya mfanano kwa njia ya mwili: vitu viwili vinafanana kwa kuwa vina kiwiliwili kimoja. Maneno mawili yanayotumika leo kutaja mifano, "such as" na "like", ni ndugu wa tumbo moja, ijapokuwa sura zao zimeachana.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na katika karne zilizofuata, viambishi tamati vya Kiingereza viliendelea kudhoofika. Umbo la kitenzi la kudhania likazidi kufanana na umbo la kawaida, hata katika vitenzi vingi tofauti haikuonekana tena. Wakati huohuo neno "ealswa", lililomaanisha "hivyo kabisa", lilizaa matawi mawili: moja ni "also" na jingine, kwa kufupishwa zaidi, ni "as". Kwa muda mrefu "as" peke yake, likifuatwa na kitenzi cha kudhania, liliweza kubeba maana ya "kana kwamba". Matumizi hayo yamo bado katika tamthilia za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616. Lakini kadiri kitenzi kilivyopoteza alama yake, ndivyo kiunganishi kilivyohitaji kuongezewa nguvu. "As if" na "as though" ndiyo miungano iliyoshika kazi hiyo. La pili huwatatiza wanafunzi, kwani leo "though" humaanisha "ingawa". Tatizo linatatuka pakikumbukwa kwamba zamani neno hilo lilibeba pia maana ya "hata kama".

Mzigo uliokuwa juu ya kitenzi ukahamia, kwa sehemu kubwa, juu ya kiunganishi. Sehemu kubwa, si yote: Kiingereza kimehifadhi masalia ya mfumo wa kale katika neno "were". Anayesema "He behaves as if he were the owner" anaelekea kukanusha umiliki huo. Anayesema "She looks as if she is ill" anauacha mlango wazi, kwani huenda mgonjwa ni mgonjwa kweli. Kiunganishi ni kilekile, lakini kiasi cha shaka si kimoja.

Katika mazingira hayo ndipo ulipozuka ugomvi mrefu juu ya "like". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia "like as" kuingiza vishazi vizima. Katika matumizi ya wengi "as" liliangushwa, "like" likabaki peke yake likifanya kazi ya kiunganishi. Wanasarufi walilikataa. Kwao, "like" lilipaswa kutangulia nomino tu, na kishazi chenye kitenzi kiachiwe "as" au "as if". Hata hivyo waandishi wenye heshima walilitumia. Charles Darwin alilitumia hivyo katika barua ya mwaka 1866. Mwaka 1954 tangazo la sigara za Winston nchini Marekani lililiweka "like" mbele ya kishazi, likalaumiwa na walinzi wa sarufi sanifu huku likikaririwa na umma. Kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1961 ilipoyarekodi matumizi ya namna hiyo bila kuyalaani, magazeti, likiwemo The New York Times, yaliishutumu kwa kuyaachia maneno kila njia.

Ugomvi huo kwa kawaida huelezwa kuwa ni wa tabaka: lugha ya waliosoma dhidi ya lugha ya mtaani. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. "As if" lina sharti ndani yake, nalo sharti hilo humkumbusha msomaji kwamba anaingia katika dhana. "Like" halina sharti. Linaweza kuingiza jambo lililotokea kweli, na linaweza pia kuingiza jambo ambalo halikutokea kamwe. Kwa kulipokea kama kiunganishi, Kiingereza kimekubali kumwachia msikilizaji kazi ambayo zamani ilifanywa na sarufi.

Hali hiyohiyo inaonekana katika utoaji wa mifano. Neno "example" limetokana na Kilatini "exemplum", lenye asili katika kitenzi cha kuchomoa kitu kutoka miongoni mwa vingine. Mfano, basi, hutoka ndani ya kundi. Kinachofanana husimama kando ya kundi. Mtu akisema "poets like Muyaka", je, Muyaka yumo au anapimiwa wengine tu? Walimu wenye msimamo mkali hutaka "such as" litumike pale Muyaka anapohesabiwa, na "like" pale wanapotajwa wanaofanana naye. Wasemaji wengi hawaifuati kanuni hiyo. Katika mazungumzo hakuna atakayedhurika. Katika sheria au mkataba, swali la kama kitu kilichotajwa kimo ndani ya orodha au ni kipimo chake tu laweza kugharimu fedha nyingi.

Kiswahili nacho kina mzigo wake. "Kama", neno lenye asili ya Kiarabu, huingiza sharti, hulinganisha, hutaja mifano, hukadiria idadi, na siku hizi hutumika pia kutaja cheo au nafasi ya mtu. "Mfano", lenye shina moja na "kufanana", hubeba kwa pamoja maana ya kielelezo na maana ya mshabaha. Lakini kwa mlinganisho wa kudhania lugha ina chombo chake mahususi, "kana kwamba". Katika sentensi "Anatembea kana kwamba nyumba ni yake", hakuna "-nge-" wala "-ngali-". Sehemu ya pili, ikisimama peke yake, ni taarifa ya kawaida. Dhana yote imebebwa na kiunganishi. Ndiyo maana kukibadilisha kwa "kama" si suala la mtindo tu. Kiingereza kikipoteza "as if" bado kinaweza kuegemea "were". Katika sentensi ya namna hii, Kiswahili kikipoteza "kana kwamba" hakibakiwi na egemeo.

Historia imeyakutanisha maneno haya kwa njia isiyotarajiwa. "Kwamba" ni kitenzi "kuamba", yaani kusema, kilichogeuka kiunganishi. Mswahili hufikia dhana kwa njia ya kauli: jambo linakuwa kana kwamba kwa sababu laweza kusemwa hivyo. Kiingereza kilianzia kwenye mwili. Lakini tangu miaka ya 1980 wanaisimu wa Marekani wamechunguza matumizi ya vijana ambao kwao "she was like" hutangulia maneno ya mtu, si lazima yale aliyoyatamka, bali yale ambayo angeweza kuyatamka au aliyoyawaza. Anayeijua kazi ya "eti" katika Kiswahili hatashangaa sana. Lugha iliyoanzia kwenye mwili imefika kwenye kauli, mahali ambapo Kiswahili kilianzia safari yake.

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na "as", "like", "such as" au "as if", asianze kwa kutafuta neno linalolingana. Aanze kwa kuuliza: kilichotajwa kipo, kimo ndani ya kundi, kinafanana tu, au kimedhaniwa? Jibu likipatikana, Kiswahili kina "akiwa", kina "kama vile", kina "mithili ya", kina "kana kwamba". Hakimu atabaki hakimu, na anayefanana naye hatapewa hukumu ya kutoa.