Nyangumi Aliyepanda Mto Hadi Turkana

Wavuvi wa Tanga na Pangani hawashangai kumwona nyangumi. Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu hupita mkondo wa Pemba wakitoka bahari ya barafu huko kusini kuja kuzaa katika maji ya vuguvugu. Kinachoshangaza ni nyangumi wa Loperot. Huyo alikutwa kaskazini mwa Kenya, katika nchi kame ya Turkana, kilomita 740 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi na mita 620 juu ya usawa wake. Ni mahali ambapo wenyeji wakitaka maji huchimba mchanga wa mto uliokauka.

Aliyemkuta ni James Mead, Mmarekani aliyekuwa kijana wakati huo, mwaka 1964, akiwa katika msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard. Haukuwa mzoga mzima, ni mifupa ya mdomo mrefu iliyogeuka jiwe, lakini ilitosha kumtambulisha: jamaa wa nyangumi wenye mdomo kama wa ndege, ukoo unaoishi katika kina kirefu na unaoweza kupiga mbizi kupita wanyama wote wanaovuta hewa. Mwenyewe alikuwa na urefu wa mita saba hivi. Mead aliandika habari zake mwaka 1975, kisha kisukuku chenyewe kikapotea.

Hakikuibwa, kilisahaulika tu mahali fulani katika ghala za Marekani. Louis Jacobs, aliyekuja kuongoza kitengo cha visukuku katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, alisoma habari za nyangumi huyo na kuanza kumsaka. Msako ulichukua takriban miaka thelathini. Mwaka 2011 mifupa ikaonekana Marekani, ingali ndani ya ganda la plasta iliyofungiwa. Mtu anaweza kujiuliza ni vingapi vingine vya Afrika Mashariki vimelala hivyo katika makabati ya ng'ambo.

Msomaji atasema: mbona nyangumi wa jangwani wako wengi? Ni kweli. Wadi al-Hitan huko Misri, kusini magharibi mwa Cairo, mifupa yao imetapakaa mchangani, na tangu 2005 bonde hilo ni urithi wa dunia. Miongoni mwao yumo Basilosaurus, aliyekuwa bado na miguu midogo ya nyuma. Lakini maelezo ya Misri ni mepesi. Miaka milioni 37 hadi 40 iliyopita pale palikuwa bahari. Bahari ikaondoka, nyangumi wakabaki.

Tanga nayo imewahi kubadilishana zamu na bahari. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji katika mawe ya chokaa yaliyotuama chini ya bahari enzi za dinosauri. Ukirudi nyuma zaidi, takriban miaka milioni 250, bahari hapakuwa nayo. Katika miamba ya Karoo iliyo karibu na mji alipatikana mtambaazi mdogo mwenye mkia bapa, na mwaka 1924 Sidney Haughton wa Afrika Kusini akampa jina Tangasaurus. Jamaa zake wamepatikana Madagaska, kwa sababu wakati huo Madagaska ilikuwa imeshikamana na bara letu. Sisi tunamtangaza samaki wa kale silikanti, na anastahili hifadhi yake ya bahari aliyotengewa mwaka 2009, lakini mtambaazi mwenye jina la mji wetu sijui wangapi mitaani wamewahi kumsikia.

Loperot hakuna maelezo ya namna hiyo. Bahari haikufika pale. Mifupa iliyokuwa jirani na nyangumi ni ya mamba, kasa na samaki wa maji baridi, yaani viumbe wa mto. Basi nyangumi alipanda mto. Nyangumi wa leo nao hupotea hivyo: Januari 2006 mmoja wa ukoo huohuo wa midomo mirefu aliingia mto Thames akafika katikati ya London, na mwaka 2007 mwingine wa aina nyingine alikwama Brazili, kama kilomita 1,600 ndani ya mito ya Amazon.

Lakini ili nyangumi apande mto kwa mamia ya kilomita, sharti mto uwe mpana, wenye kina na mtulivu, usio na maporomoko. Akiingia leo mlango wa mto Pangani hatafika mbali, maporomoko yanayoendesha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani yatamzuia. Hapo ndipo Henry Wichura, Jacobs, Fredrick Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walipopata hesabu yao, waliyoichapisha mwaka 2015. Walichukua mteremko wa mito ambayo nyangumi huingia siku hizi, wakakadiria kwamba huyu alipokwama miaka milioni 17 iliyopita, Loperot ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Kupanda kwa ardhi hiyo, kwa kusukumwa na joto la chini ya dunia, kwa maoni yao kulianza kati ya miaka milioni 17 na 13 iliyopita. Ni hoja nzito kuegemezwa kwenye mdomo wa mnyama mmoja, lakini hakuna kipimo kingine cha mwinuko wa zama zile kilicho wazi hivyo.

Ardhi ilipoinuka, pepo zenye mvua kutoka baharini zilizuiwa. Misitu ya ndani ikapungua, nyasi zikashika nafasi yake, na wanyama wakabadilika pamoja nayo. Mwaka 1984 mtafuta visukuku Mkenya, Kamoya Kimeu, aliokota kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa Turkana. Kilikuwa cha kijana wa binadamu wa kale, wa miaka milioni moja na nusu iliyopita, mwenye miguu mirefu ya kutembea mbugani, katika nchi ambayo babu zake wa mbali kabisa wangeweza kumwona nyangumi akipita mtoni.