Barua za Vijana wa Kiungani

Limekuwa dai la kawaida, nami hulisikia likikaririwa katika makongamano ya wanavyuo wa Kikristo, kwamba utume kwa wanafunzi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ulianza pale vyama vya kiinjili vya ng'ambo vilipowatuma makatibu wao kuzunguka vyuoni, yaani baada ya kuundwa kwa umoja wa kimataifa wa wanafunzi wa kiinjili mwaka 1947, na hususan baada ya mwaka 1958, ulipozaliwa umoja wa Afrika nzima uitwao PAFES. Simo miongoni mwa wanaobeza kazi ya makatibu wale, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekuwa mlezi wa jumuiya ya wanafunzi na najua ni nani waliotuandalia njia. Walakini dai hilo, likipimwa kwa mizani ya insafu, linawadhulumu vijana waliotangulia kwa miaka sabini kamili, ambao hawakuwa na katibu wala katiba, bali walikuwa na kalamu, karatasi na mtambo wa chapa, na ushahidi wao upo hata leo kwa yeyote aliye radhi kuusoma.

Habari za mwanzo wa misheni iliyowalea vijana hao zajulikana, wala sina haja ya kuzirefusha: jinsi Livingstone alivyowahutubia wanachuo wa Cambridge mwezi wa Desemba 1857, jinsi Askofu Mackenzie alivyofariki mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire, na jinsi Askofu Tozer alivyoihamishia kazi yote Unguja mwaka 1864. Jambo moja tu hupitwa haraka mno na wasimulizi, nalo ni kwamba misheni hiyo ilibeba jina la Vyuo Vikuu kwa sababu ilikuwa zao la vyuo hivyo, Oxford, Cambridge, Durham na Dublin, hata tunaweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba wito uliotolewa mbele ya vijana wa chuo kimoja ndio uliozaa chuo kingine, mbali sana, kando ya bahari ya Hindi.

Chuo hicho ndicho cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini ya mji wa Unguja. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka ule ule wa 1864. Hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Wako wanahistoria wanaolishika neno hili kwa nguvu, wakasema kwamba kijana aliyetoka mkononi mwa tajiri wa watumwa akaingia mkononi mwa mmisionari hakupata nafasi ya kuchagua imani, na kwamba kumwita muumini ni kumsemea. Nami naiheshimu hoja hii, kwa sababu haitokani na chuki bali na huruma, na kwa sababu inatukumbusha kwamba uhuru wa mtoto yatima hauwi kamili kwa kubadilishiwa mlezi. Lakini hoja hiyo yaeleza mlango walioingilia, haielezi waliyoyafanya walipokwisha kukua, na hapo ndipo tunapopaswa kuwasikiliza wenyewe.

Mwaka 1887 kilichapwa London kitabu kilichoitwa kwa jina la chuo chao, Kiungani, kilichokusanywa na kufasiriwa na Arthur Cornwallis Madan, mwanachuoni wa Oxford aliyetutungia baadaye kamusi. Ndani yake wavulana waliotoka makabila mbalimbali ya bara wanaeleza walivyokuwa kwao, walivyotekwa, walivyouzwa kutoka mkono hadi mkono na walivyofika pwani. Waliyaandika hayo kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha waliyoikuta njiani au chuoni. Lakini kitabuni yamo kwa Kiingereza tu, kwa kuwa wasomaji waliokusudiwa walikuwa Waingereza walioichangia misheni. Basi msomaji wa leo huisikia sauti ya kijana yule kama mtu asikiaye mazungumzo ya chumba cha pili: maana yafika, ila mdomo hauonekani.

Mwaka uliofuata, 1888, pale pale Kiungani likaanza kutoka gazeti lililoitwa Msimulizi, ambalo wachunguzi wengi hulihesabu kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Hapa naomba msomaji anivumilie nikikawia, kwa sababu naamini kwamba hapa ndipo ulipo msingi wa jambo ninalolitetea. Gazeti hili halikuandikwa kwa ajili ya wafadhili wa ng'ambo. Vijana waliojifunza kazi ya chapa walipanga herufi kwa mikono yao, na habari zilizojaa humo zilitoka katika vituo vya misheni vya bara, kwa Wabondei wa upande wa Magila, kwa Wayao na Wamakua wa upande wa Masasi na mto Ruvuma, na hata pwani za ziwa Nyasa. Nao waliozileta aghalabu ni walimu wa Kiafrika waliokuwa wamekalia madawati yale yale ya Kiungani kabla ya kutumwa. Mwalimu aliyekuwa peke yake kijijini, mwenye wanafunzi wachache na mfalme wa nchi asiyejua kama amkubali au amfukuze, aliandika akaeleza safari yake, shule yake na waliobatizwa. Na kijana aliyebaki chuoni alisoma, akajua kwamba siku moja naye atakuwa huko, na kwamba aliyemtangulia hajasahauliwa.

Hilo, kwa fahamu yangu, ndilo kiini cha utume kwa vijana wa chuo, na ndilo tulilolipungukiwa sisi tulio na vyombo vingi kuliko wao. Tunajua kuandaa makesha na kambi za Pasaka. Tunajua kumpokea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa nyimbo. Lakini siku ya mahafali ikipita, kijana yule hutoka langoni na vyeti vyake, akaenda kutafuta kazi mahali asipomjua mtu, wala hakuna amwandikiaye. Mimi nimewaona wengi wakizima imani kimya kimya, si kwa kushindwa hoja na mtu yeyote, bali kwa upweke. Walezi wa Kiungani, pamoja na makosa yao yote, walielewa kwamba chuo hakimalizi kazi yake langoni, na vijana wao walielewa zaidi, maana barua zile waliziandika wao.

Tutazame matunda. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, alipewa ushemasi mwaka 1879 na Askofu Steere. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani na kulelewa Unguja, alifanywa shemasi mwaka 1886 akaenda Chitangali, na mwaka 1890 Askofu Smythies akampa upadre, wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni ile. Kazi yake kubwa aliifanya bila ya Mzungu wa kumsimamia siku kwa siku. Yohana Abdallah, padre tangu mwaka 1898, alikaa Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, akatunga tarikhi ya Wayao kwa lugha yao wenyewe, iliyochapwa mwaka 1919. Je, watu hawa ni wa kuitwa vivuli vya wengine? Kwa wasemao kwamba Kiungani kilikuwa karakana ya kutengeneza makarani wa serikali na Waingereza weusi, sina jibu refu: ni kweli wako waliokwenda kuajiriwa mjini kama makarani na wakalimani, na si dhambi kijana kula kwa jasho lake; lakini anayelitaja hilo peke yake akaiacha Chitangali na Unangu ameamua hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Na kuhusu mabinti wa Mbweni, waliofundishwa na Caroline Thackeray wakatoka wakawa walimu, nakiri kwamba sikuwapa hapa haki yao. Wao wanastahili makala yao peke yao.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Frank Weston aliongoza chuo kabla ya kuwa askofu mwaka 1908. Vita vikaja vikatawanya walimu. Na mwaka 1925 chuo kikahamia Minaki, karibu na Kisarawe, kwa kuwa wanafunzi wengi walikuwa wa bara. Lakini moyo ule ule uliibuka mahali pengine, katika kanisa la desturi nyingine kabisa, pale wanafunzi wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, mwaka 1941, walipoamka kabla ya alfajiri kusali na kuhubiriana toba, wakakatazwa na mkuu wao, wakakataa kunyamaza, na 26 kati yao, akiwamo William Nagenda, wakafukuzwa. Sisemi kwamba vijana hawakukosa adabu hata kidogo, wala kwamba mkuu hakuwa na mzigo wa kulinda utaratibu. Nasema tu kwamba uamsho huo haukungoja katibu atoke ng'ambo, na Nagenda, ambaye hakupata upadre maisha yake yote, alihubiri katika nchi nyingi kuliko wengi walioupata.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza utume wa wanafunzi ulianza lini kwetu, sitamtajia mwaka wa chama. Nitamwambia kwamba mwaka 1887 vijana wa Kiungani waliandika wakasomwa Uingereza, na mwaka 1888 wakaandika wakasomana wenyewe. Na tangu siku ile aliyebaki chuoni na aliyekwenda bara walikuwa watu wa jumuiya moja. Kiongozi wa wanafunzi atakaye kuufuata mfano wao hana haja ya kungoja fedha wala kongamano: na achukue orodha ya waliohitimu mwaka jana, aanze na jina la kwanza, amwandikie.