Unenepeshaji wa ng'ombe wa nyama

Unenepeshaji wa ng'ombe ni ufugaji wa muda mfupi ambamo ng'ombe, hasa maksai na madume, hulishwa chakula chenye nguvu nyingi kwa miezi 3 hivi kabla ya kuchinjwa. Nchini Tanzania hufanyika hasa katika Kanda ya Ziwa, kama vile mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambako mashudu ya pamba hupatikana karibu na viwanda vya kukamulia mafuta.

Sababu yake ni kiangazi. Nyasi zikikauka hupungukiwa na protini, na ng'ombe wa asili aina ya zebu hupoteza uzito alioupata wakati wa mvua.

Uchaguzi wa mnyama

Anayefaa ni mnyama aliyekonda kwa njaa, si kwa ugonjwa. Akishiba hurudisha uzito haraka. Mnyama mzee huongeza mafuta kuliko nyama.

Lishe

Ng'ombe hula chakula kikavu kiasi cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 200 huhitaji kilo 5 hadi 6, na kiasi hicho huongezeka kadiri anavyokua. Kwa siku 90, ng'ombe 10 huhitaji zaidi ya tani 4.5. Mfugaji asiyeweka akiba huweza kuishiwa katikati ya kazi.

Mchanganyiko wa kawaida ni mashudu, pumba za mahindi au za mpunga, molasi, chumvi ya madini, na nyasi kavu. Pumba na molasi zikitolewa nyingi kwa ghafla, tumbo la kwanza hujaa asidi. Mnyama huacha kula na kucheua, huharisha, na huweza kufa. Kwa hiyo huzoeshwa polepole kwa wiki 2 hadi 3, wala nyasi haziondolewi kabisa. Urea isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu, nayo ichanganywe vizuri, kwa kuwa bonge moja huweza kuua.

Maji na afya

Mnyama huweza kunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Akikosa maji hupunguza kula. Zizi lenye matope huleta magonjwa ya kwato. Kupe hueneza ndigana kali, inayosababishwa na kimelea Theileria parva. Huzuiwa kwa josho au kunyunyizia dawa. Wanyama wapya hutengwa kwanza na kupewa dawa ya minyoo. Aliyetibiwa hachinjwi kabla ya muda ulioandikwa kwenye dawa kwisha.

Hesabu ya faida

Faida hutegemea bei ya kununulia, gharama ya chakula na bei ya kuuzia. Kadiri siku zinavyopita, kila kilo mpya ya uzito hugharimu chakula kingi zaidi. Kwa sababu hiyo wanyama hupimwa mara kwa mara kwa mizani au utepe wa kifuani. Asiyeongezeka huuzwa mapema, maana kila siku anayobaki zizini hula faida ya wenzake.

Tazama pia

Ng'ombe
Zebu
Ndigana kali