Neno Bubu na Mizigo Yake

Luofu, kusini mwa Lubero, mashariki mwa Kongo, mtoto huongea Kinande nyumbani, hujibizana kwa Kiswahili sokoni, na darasani hukutana na Kifaransa. Akinyamaza mbele ya ubao, mwalimu husema ni mzito. Akinyamaza hata nyumbani, jirani humaliza kesi: ni bubu. Neno hilo limebebeshwa mengi mno. Humo wamewekwa kiziwi, mwenye kigugumizi, mzee aliyepooza upande mmoja, mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, na yule aliyeona mambo yasiyosemeka. Historia ya matatizo ya usemi, ninavyoisoma mimi, ni historia ya kuwatoa watu hao humo mmoja mmoja.

Wa kwanza kushukiwa ulikuwa ulimi, kwa kuwa unaonekana. Musa, anayesomwa kanisani na msikitini, alilalamikia uzito wa ulimi wake. Hatua mashuhuri ya kuupeleka uchunguzi ndani ya fuvu ilikuja mwaka 1861, Paul Broca alipomchunguza mgonjwa wa hospitali ya Bicêtre, jirani na Paris, aliyeitwa Tan kwa sababu silabi hiyo ndiyo aliyobaki nayo. Alielewa mengi aliyoambiwa. Alipokufa, ubongo wake ulikutwa umeharibika mbele, upande wa kushoto. Miaka 13 baadaye Carl Wernicke akaeleza hali nyingine: mtu anamwaga maneno bila kizuizi, lakini maana imepotea na ya wenzake hayaelewi. Kwetu, mzee akiamka maneno yamemtoroka, minong'ono ya karuho humfikia kabla ya daktari. Sumu hiyo imesingiziwa viharusi vingi.

Lakini kwa Kivu, sura nzito ya historia hii imo katika chumvi. Vizazi na vizazi, Wanande waliifuata chumvi ya Katwe ng'ambo ya Semliki, na biashara hiyo iliwajengea sifa. Chumvi ile hakuna aliyeitia iodini. Milimani mvua imeuosha udongo, na kinachoota humo hakina iodini ya kutosha; tezi ya shingoni hufura, ikawa rovu. Rovu lenyewe watu huishi nalo, ingawa likikua sana hulikaba koo, na siku ya kuliondoa kisu kikigusa neva nyembamba inayopita nyuma ya tezi, sauti hubaki ya kukwaruza. Hasara kubwa zaidi huwa tumboni. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo na masikio ya mtoto hujengwa pungufu, akazaliwa anayechelewa katika kila jambo, pengine asiyesikia kabisa.

Miaka ya 1960 François Delange na madaktari wenzake Wabelgiji walikwenda kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Kaskazini mwa kisiwa marovu yalijaa. Kusini-magharibi yalikuwa machache. Ajabu ni kwamba iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti hiyo ilikuja kuhusishwa na muhogo: usipoandaliwa vizuri, sumu yake huizuia tezi isishike hata ile iodini kidogo iliyopo. Bukari, yaani ugali wa muhogo, na chumvi, basi, ndivyo vilivyokuwa vikiamua nani atasema. Chumvi yenye iodini ilipoenea nchini katika miaka ya 1990, ilifanya kazi ambayo sidhani kama shule au zahanati yoyote ingeiweza.

Hata hivyo, viziwi hawakuisha. Homa ya uti wa mgongo huziba masikio, na dawa pia zimeyaziba: kwinini ikizidi, streptomisini ya kifua kikuu. Mkutano wa walimu wa viziwi huko Milano mwaka 1880 uliamua watoto hao walazimishwe kutamka, ishara zipigwe marufuku. Ishara za Paris zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari, zikibebwa na Laurent Clerc, aliyeshiriki kufungua shule ya viziwi Hartford, Marekani, mwaka 1817. Zikarudi upande wetu mikononi mwa Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe. Alitua Ghana mwaka 1957, akaanzisha shule zaidi ya 30 barani, Zaire ikiwemo. Hivyo ishara zilizozaliwa Ufaransa zilifika kwa Wakongo wanaosoma Kifaransa kwa kupitia Marekani na Accra. Foster alifariki Desemba 1987, ndege ndogo ilipoanguka Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Wapo pia walionyamazishwa na vita. Mwaka 1914 hadi 1918 askari walirudi kutoka mahandakini koo zao zikiwa nzima, sauti hakuna. London daktari Lewis Yealland aliwapiga umeme mpaka waseme, akaona ametibu. Aprili 2009 wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi kutoka Rwanda, waliivamia Luofu usiku, wakachoma nyumba, watoto wakateketea ndani. Mtoto akinyamaza baada ya usiku wa namna hiyo, sijui nani angethubutu kumtazama ulimi.

Makerere ilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008. Kutoka Luofu, Kampala ni mbali. Na jaribio la maneno lililotungwa kwa Kifaransa halimpimi mtoto ambaye lugha yake hutenganisha maana kwa toni. Kipimo cha kwanza mwalimu anacho tayari: kusimama nyuma ya mtoto na kumwita, kwa Kinande, kwa jina analoitwa na mama yake.