Waliotangulia Gwarideni: Majeruhi wa Vita katika Sherehe za Ushindi za Ufaransa

Katika sherehe za ushindi, mpangilio wa safu za gwaride hauwi jambo dogo, kwa kuwa anayetangulia ndiye taifa linayemtambua hadharani kuwa mwenye ushindi huo. Ufaransa, iliyopoteza askari wapatao milioni 1.4 katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilipoadhimisha ushindi mjini Paris tarehe 14 Julai 1919, iliwatanguliza majeruhi takriban elfu moja, na majemadari Joffre na Foch wakafuata nyuma yao juu ya farasi. Kundi hilo lilipita bila kulinganisha hatua kama ilivyo desturi ya gwaride: wengine walijikongoja kwa magongo, vipofu waliongozwa na wenzao, na waliokatwa miguu yote miwili walisukumwa katika viti vya magurudumu.

Takriban wiki mbili kabla yake, tarehe 28 Juni, Waziri Mkuu Clemenceau alikuwa amewaalika askari watano kushuhudia utiaji saini wa mkataba wa amani katika Ukumbi wa Vioo wa Versailles. Watano hao walikuwa miongoni mwa wale walioitwa “nyuso zilizovunjika”, yaani askari ambao taya, pua au macho yao yaliharibiwa na risasi na vipande vya makombora. Ni kweli kwamba waliwekwa pale pia ili wajumbe wa Ujerumani wawaone, na heshima inayomgeuza mtu kuwa ushahidi wa mashtaka ina kasoro yake. Hata hivyo, nyuso ambazo wengi walizikwepa barabarani zilipewa nafasi ndani ya ukumbi wenyewe.

Heshima ya siku moja isingetosha kama isingeandamana na haki, na hapa sheria ya tarehe 31 Machi 1919 ina uzito kuliko gwaride lenyewe, kwani iliifanya pensheni ya majeruhi kuwa fidia anayoidai kwa haki, si sadaka ya serikali. Palipokosekana heshima hiyo, hasira ililipuka: nchini Uingereza, katika mji wa Luton, askari wa zamani walioona wametengwa katika maandalizi ya Siku ya Amani waliandamana kwa hasira tarehe 19 Julai mwaka huohuo, na ghasia zilizofuata ziliishia kwa ukumbi wa mji kuteketezwa kwa moto.

Wapiganaji wa zamani wa Ufaransa hawakungoja kualikwa tena. Mwaka 1921 serikali ilipoihamisha kumbukumbu ya tarehe 11 Novemba, siku vita viliposimamishwa, hadi Jumapili ili kazi zisisimame, walipinga, na sheria ya tarehe 24 Oktoba 1922 ikaifanya tarehe hiyo kuwa sikukuu ya taifa. Kwa miongo mingi walisimama kila mwaka mbele ya minara ya wafu ya vijiji vyao, wakizeeka machoni pa watoto wa shule, hadi wa mwisho wao, Lazare Ponticelli, alipofariki tarehe 12 Machi 2008 akiwa na umri wa miaka 110.