Jiwe la Dirishani: Nusu Karne ya Idara ya Jiolojia Mlimani

Walifika kwetu Mgololo, Mufindi, mchana wa kiangazi, vijana watatu wa chuo kikuu, nyundo viunoni, mikoba iliyojaa mawe ikiwavuta mabega. Bibi aliitikia shikamoo zao, akawapa maji, kisha akawauliza swali ambalo kila mwanajiolojia wa nchi hii amekwisha kuulizwa: "Mnatafuta dhahabu, wajukuu zangu?" Binti mmoja kati yao alichuchumaa uani, akaokota jiwe lenye mistari myeusi na myeupe, akaligonga likapasuka, akampa bibi kioo cha kukuzia. "Tazama hapa, bibi. Hili lilipikwa chini kabisa ya ardhi, kabla hakujawa na mti hata mmoja duniani." Bibi alitazama kwa muda mrefu. Jiwe lile lilikaa dirishani pake mpaka siku alipotutoka.

Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1974. Sasa imetimiza nusu karne, na katika sherehe za namna hii huhesabiwa wakuu wa idara, maabara na shahada. Nami ninawaheshimu wote hao. Ila historia ninayoijua mimi ni ile iliyopita uani kwa bibi.

Kabla ya idara hiyo kuanzishwa, elimu ya miamba ilikuwa kazi ya serikali. Mwaka 1925 utawala wa Waingereza ulianzisha idara ya upimaji wa jiolojia, makao yake yakiwa Dodoma, na Edmund Teale ndiye mkurugenzi wake wa kwanza. Ilifanya kazi kubwa, lakini ramani zake ziliandikwa kwa Kiingereza, na wenyeji ambao mashamba yao yalikuwa ndani ya ramani hizo hawakuweza kuzisoma. Chuo chenyewe kilizaliwa Oktoba 1961 katika Mtaa wa Lumumba, kikahamia eneo la Mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1970. Jiolojia ilifuata miaka minne baadaye, ili Watanzania wenyewe wajifunze kuisoma ardhi yao.

Na ardhi haisomeki ukiwa umekaa. Mwanafunzi wa jiolojia anapelekwa fildi na nyundo, dira, daftari na kichupa cha tindikali hafifu, anatembea kutwa, jioni anarudi kuchora ramani ya alichokiona. Pasipo mwenyeji wa kumwambia korongo lipo wapi na mto upi hukauka mwezi gani, hafiki mbali. Ndiyo maana nasema vijiji vimekuwa walimu wa idara hii tangu mwanzo, walimu wasiolipwa.

Nyanda za Juu Kusini ni darasa lililosheheni. Rungwe ni volkano, na Ngozi ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano. Karibu na Mbeya kuna kilima cha Panda, chenye mwamba wa ajabu: ni wa volkano, lakini ukiudondoshea tindikali unatoa povu kama chokaa. Ndani yake kuna niobi, madini ya kuimarisha chuma. Chunya walichimba dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920. Kilometa 20 hivi kutoka Iringa mjini lipo korongo la Isimila, ambako mwaka 1951 mpita njia aliyekuwa akisafiri kati ya Johannesburg na Nairobi aliokota zana za mawe za watu wa kale sana. Bonde la Rukwa, ambalo Profesa Evelyne Mbede wa idara hii alilitafiti kwa kina, limetoa mifupa ya dinosaria, na dinosaria mmoja, aliyepewa jina mwaka 2017, anaitwa Shingopana. Kwa jina hilo mtoto wa shule ya msingi Songwe hahitaji kamusi.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye siri ya kuifikisha sayansi kwa watu: lugha. Kule Ndolezi, Mbozi, kimondo chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 kiliripotiwa kwa wataalamu mwaka 1930 na mpima ardhi William Nott, ilhali wenyeji walikuwa wakilijua jiwe hilo kabla yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi nao na kuwaeleza kwa lugha yao kwa nini lile ni chuma kilichochanganyika na nikeli, na kwa nini limetoka angani.

Idara imewahi kusema na ulimwengu mzima. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2008 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayari Dunia, ni Tanzania iliyopeleka hoja hiyo mezani, na Profesa Sospeter Muhongo wa Mlimani aliongoza kamati ya programu ya sayansi. Uzinduzi wa Afrika ulifanyika Arusha, Mei 2008. Kisha ikaja 2017, na Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia mwingine wa Mlimani, akaongoza kamati iliyochunguza mchanga wa madini bandarini. Tangu siku ripoti ile iliposomwa, hata kwenye vibanda vya chai watu walibishana juu ya makinikia, yaani mchanga huo. Sijawahi kuona somo la jiolojia likiwa na wanafunzi wengi hivyo.

Lakini fahari yangu imebaki kwa wale vijana wa mikoba, na kazi ya kutueleza bado ipo. Malangali, hapa hapa Mufindi, penye shule tangu mwaka 1928, kuna udongo mweupe wa kaolini. Udongo wa aina hiyo viwandani hutumika kuilainisha karatasi. Sisi wa Mgololo tumeishi na kiwanda cha karatasi tangu miaka ya 1980, na wengi hatukuambiwa kwamba karatasi huanzia kwenye mti na pia kwenye udongo.

Jiwe la bibi ninalo mimi sasa. Kundi lingine likipita, nitawapa maji, kisha nitaongozana nao hadi shule ya msingi, jiwe likiwa mfukoni, waanze na darasa la tano.