Jani la kisukari lililozaa dawa ya saratani

WAGONJWA wengi wa kisukari nchini hutumia majani, magome au mizizi ya mitishamba pamoja na dawa za hospitali, na wengine huziacha kabisa dawa hizo. Historia ya mmea mmoja yaonyesha kwa nini mti usisifiwe kuwa dawa, wala usibezwe, kabla haujapimwa katika maabara.

Mmea huo, uitwao kitaalamu Catharanthus roseus, asili yake ni Madagaska. Maua yake ya waridi au meupe hupamba nyua nyingi za Pwani ya Kenya. Katika nchi kama Jamaica, watu walichemsha majani yake na kunywa maji yake ili kutibu kisukari.

Mwaka wa 1952, Dkt Clark Noble wa Toronto, Kanada, alitumiwa majani 25 ya mmea huo kutoka Jamaica. Aliyapeleka kwa nduguye, Robert Noble, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Panya walinyweshwa dawa iliyokamuliwa kutoka kwa majani hayo, lakini sukari katika damu yao haikubadilika.

Walipodungwa dawa hiyo mishipani, panya walikufa kwa maambukizi ya bakteria. Ilibainika kwamba seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zilikuwa zimepungua mno. Kwa kuwa baadhi ya saratani za damu hutokana na seli hizo kuzaana kupita kiasi, Noble na mkemia Charles Beer waliisaka kemikali iliyoziangamiza. Mwaka wa 1958 walitangaza vinblastini. Vinkristini, iliyopatikana baadaye katika mmea uo huo, hutibu watoto wenye saratani ya damu hadi leo.

Mmea mwingine ulipata jibu tofauti. Barani Ulaya, Galega officinalis ulitumiwa tangu kale kutibu watu waliokojoa mara kwa mara. Kemikali yake ilishusha sukari ilipojaribiwa miaka ya 1920, ila ilikuwa na sumu. Wanasayansi waligeukia kemikali za jamii hiyo zilizo salama zaidi, na mwaka wa 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kutibu wagonjwa kwa metformini, ambayo sasa hutumiwa kote duniani dhidi ya kisukari cha aina ya pili.

Maabara huuliza maswali matatu: je, mmea unashusha sukari? Ni kemikali gani inayofanya kazi hiyo, na kwa kipimo gani? Je, unadhuru ini au figo? Hata majibu yakiridhisha kwa panya, bado sharti ujaribiwe kwa binadamu.

Kwa hivyo, anayetumia mitishamba amweleze daktari wake, aendelee kupima sukari, na asithubutu kuacha insulini au vidonge kwa hiari yake.